Nguo Isiyosutwa

4 Februari

Dada,

Nianze na hesabu ya wazima kama kawaida yetu. Mimi mzima. Wifi yako mzima, isipokuwa jino. Cherehani nzima, mkanda wake ulikatika Jumanne ya wiki juzi, nikaufunga kwa waya mpaka nilipopata mwingine. Bi Vifungo, unayemjua, bado anakaa kwenye kiti kile kile dirishani, anatoboa vitundu vya vifungo na kunisema. Huko kwenu natumaini goti la shemeji limetulia na mpwa wangu hajaacha masomo.

Sasa habari. Yule mzee mpima ardhi, mteja wangu wa kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, amefariki. Hakuwa na mke wala mtoto. Suti ya kuzikiwa nimemshonea mimi, kwa kuwa vipimo vyake ninavyo peke yangu. Kiuno inchi arobaini na nne.

Baada ya siku tisa akaja mtu dukani na faili kwapani. Nikajua ni suruali. Nikachukua futi kamba, nikamzungushia kiunoni, nikasoma kwa sauti, nikaandika. Aliniacha nimalize. Kisha akasema yeye ni mwanasheria na hakuja kupimwa.

Mzee ameniachia jengo lake la ghorofa tatu, pamoja na wapangaji wake, na akiba yake iliyoko benki. Mwanasheria alinisomea mahali ilipoandikwa, nami nimenakili: "Kwa fundi wangu wa nguo, ambaye kwa miaka kumi na tisa alinitajia kiuno changu kwa sauti, mbele za watu, bila kunipunguzia hata nusu inchi."

Nilimwuliza Bi Vifungo kama amesikia. Akasema, "Nimesikia. Sasa utanunua pasi isiyotupiga shoti?"

Katika shajara yangu ya siku hiyo, 30 Januari, nimeandika: "Nimekuwa tajiri. Mkanda wa cherehani umefika."

Sijui niandike nini zaidi. Shati la shemeji liko ndani ya kifurushi hiki. Lisute.

Mdogo wako

*

21 Februari

Wewe Uzi,

Barua yako imesomwa mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma mimi. Mara ya pili aliisoma mpwa wako kwa sauti, kwa sababu shemeji yako alidhani natunga. Alipoamini akauliza, "Ni huyu huyu aliyenishonea suruali ikashindwa kukaa chini?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi Mungu hana upendeleo."

Sisi hatujambo. Mimi bado niko kwenye chumba cha shuka pale hospitali. Wiki hii nimepinda pindo mpaka naota nyeupe. Goti la shemeji linauma wakati wa kazi tu. Paa letu ni lile lile. Mvua ikinyesha tunakuwa wa kwanza kujua.

Pole kwa mzee wako. Mtu anayekubali kutajiwa kiuno chake mbele za watu si wa kumpata kila siku.

Sasa shati. Kola upande wa kulia imelala kama sikio la mbwa mgonjwa, na kifungo cha tatu kimekaa juu kuliko wenzake. Usiniambie una ghorofa. Sheria yetu unaijua: nguo haitoki mezani mpaka mtu wa pili ameisuta, yaani amekaa nayo, ameigeuza ndani nje, na ametaja kosa lake. Nilikufundisha hivyo ulipokuwa na miaka kumi na mitatu, miguu haijafika vizuri kwenye kanyagio la cherehani, mwembamba mpaka nikakuita Uzi. Mimi nilikusuta, wewe ukanisuta, na ndiyo sababu hakuna kati yetu aliyewahi kurudishiwa nguo na mteja mara tatu. Hata tulipotengana tukaendelea kwa posta. Basi utajiri usituharibie posta.

Bi Vifungo msalimie sana. Mwambie asikuonee huruma.

Dada yako

*

15 Aprili

Dada,

Wote wazima. Jino la wifi yako limeng'olewa na daktari ambaye ofisi yake ina samaki ndani ya kioo.

Kuna mabadiliko machache, nimeyaandika yote kwa tarehe. Wifi yako amenunua meza ya kioo. Sijaelewa ni ya kuwekea nini, maana kila ninapoweka kitu juu yake anakiondoa. Wapangaji wa jengo husimama ninapopita kwenye ngazi. Mmoja alisimama akiwa na ndoo ya maji kichwani, nikalazimika kukimbia ili asiendelee kusimama.

Kwa Kinyozi, jirani yangu, hali ni hii. Kwa miaka kumi na minane nimekwenda kwake Ijumaa, nikakuta watu, nikakaa kwenye benchi, nikasubiri zamu, nikasikia habari zote za mtaa. Ndiyo ilikuwa redio yangu. Sasa nikitia mguu mlangoni anapiga makofi: "Mpisheni mkubwa!" Ijumaa iliyopita aliyekuwa kitini alikuwa amenyolewa nusu. Akainuliwa na povu lake, akasimama ukutani ananitabasamia kwa upande mmoja wa uso. Nilinyolewa haraka na sikusikia habari yoyote.

Bi Vifungo ameanza kuniita bosi. Nimemwambia aache. Akasema, "Sawa, bosi."

Dada, kuhusu paa. Nimekwisha kumlipa mkandarasi, anakuja kwenu mwezi ujao na mabati mapya. Usikatae, kwa sababu ameshalipwa, na usinishukuru, kwa sababu nitaona haya. Ulinilea chini ya paa ulilokuwa ukiliziba kwa matambara.

Nakushonea na koti la kahawia, lako la mwaka huu; nitalituma mwezi ujao. Lisute.

Mdogo wako

*

20 Juni

Ndugu yangu mpendwa, mfadhili wetu,

Tunatumaini barua hii itakukuta katika afya njema wewe na wifi yangu mpendwa. Samahani kwa kuchelewa kujibu, tulikuwa na shughuli za nyumba.

Paa limekwisha. Ni jekundu, linaonekana kutoka barabara kuu, na watu wasiotujua wanauliza ni ofisi ya nini. Hatuna maneno ya kukushukuru. Shemeji yako anasema siku hizi anapotembea anajiona mrefu.

Habari nyingine ni ndogo ndogo. Kitanda tumekihamishia sebuleni kwa ajili ya hewa. Cherehani yangu nimeifunika turubai, vumbi limezidi. Shemeji yako alinunua ndoo tatu, alizikuta kwa bei nzuri. Mpwa wako anasomea kwa jirani, huko kuna meza kubwa.

Koti tumelipokea. Ni zuri sana. Sina la kusema.

Bi Vifungo hajambo? Koti limekuja bila salamu zake.

Wako mtiifu,
Dada

*

8 Julai

Dada,

Sote wazima.

Nimesoma barua yako mara nne. Hakuna aliyewahi kuwa mtiifu kwangu katika ukoo wetu, na sikujua wewe ndiye utakayeanza. Pia umeandika kuhusu koti, "Sina la kusema." Katika miaka thelathini na mbili hujawahi kukosa la kusema.

Nikueleze jambo linalonisumbua, kwa utaratibu. Mimi huandika malalamiko ya wateja katika shajara, unajua, kwa sababu ndiyo njia ya pekee ya kujua mkono umeanza kwenda upande. Mwaka jana, kuanzia Februari mpaka Juni, nilipata malalamiko ishirini na matatu. Mawili ni ya kaptura moja ya mwalimu mmoja, mteja wangu. Mwaka huu, miezi ile ile, wateja wengi zaidi, malalamiko: hakuna. Wanachukua nguo, wanalipa, hawajaribu hata kuvaa. Wananiuliza kama nimelala vizuri.

Wifi yako anataka duka lifungwe lipangishwe. Anasema mtu mwenye ghorofa tatu akionekana na chaki magotini anawadharau walio na ghorofa moja. Tumekubaliana hivi: mpaka mwisho wa mwaka. Kama mkono wangu bado ni mkono wa fundi, nabaki kwenye cherehani yangu. Kama umekufa, nafunga, nakaa karibu na meza ya kioo. Nimekubali kwa sababu ni haki. Tatizo ni kwamba sina wa kuniambia mkono uko upande gani. Nimebakiwa na wewe tu.

Nimekushonea gauni la kijivu la kuvaa kazini, kwa vipimo vyako vya daftari la zamani. Lisute, Dada. Usiniandikie kitu kingine, lisute tu.

Mdogo wako

*

2 Agosti

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Gauni limefika likiwa salama. Nililivaa siku hiyo hiyo na kwenda nalo kazini. Wenzangu wa chumba cha shuka walinizunguka. Limenikaa kama nimezaliwa nalo. Mkono wako haujafa, tena umepanda. Mwambie wifi yangu hivyo kwa maneno yangu.

Mvua huku hazijakoma. Shemeji yako siku hizi analala na kofia, ameanza kuzipenda kofia.

Vipi Bi Vifungo? Mara ya pili nauliza.

Tunazidi kukushukuru kwa paa.

Dada yako

*

20 Agosti

Dada,

Leo salamu nimeziweka mwishoni, utazikuta huko.

Baada ya kutopata malalamiko nilifanya majaribio. Yote yana tarehe. Tarehe 3 Juni nilimshonea yule mwalimu suruali, nikaziba mfuko wa nyuma kwa uzi mara mbili, kiganja hakiingii. Alirudi baada ya wiki, nikajua sasa ananitukana. Akasema, "Safi sana, fundi. Hata kalamu haidondoki." Haidondoki kwa sababu haiingii, Dada.

Tarehe 17 Juni nikamshonea Kinyozi suruali, mguu mmoja mfupi inchi moja. Anaivaa kila Jumatatu. Amejifunza kusimama ameegemea upande, na mteja mmoja alipomwuliza, alisema ndiyo mtindo, aulize waliosafiri.

Jaribio la tatu ni gauni lako. Mkono wa kushoto niliukata mfupi inchi mbili. Makusudi. Una mikono mirefu tangu utotoni, tulikuwa tunakutuma kuchukua vitu juu ya kabati. Haiwezekani ulivaa gauni hilo, ukatoka nalo, ukafika kazini, ukanyoosha shuka kutwa nzima, usione kwamba kiwiko kimoja kiko nje. Umeona. Umeniandikia kwamba limekukaa kama umezaliwa nalo.

Mwalimu simlaumu, na Kinyozi ana watoto sita. Wewe ni wewe uliyenichapa kwa futi kamba kwa sababu ya pindo.

Kuhusu Bi Vifungo, sitaki kumzungumzia.

Duka nalifunga. Si kwa sababu mkono umekufa, kwa sababu sitajua kamwe kama umekufa, na fundi asiyejua hilo ni sawa na aliyekufa yeye.

Salamu kwa shemeji na mpwa wangu.

Mdogo wako

*

30 Septemba

Dada,

Sijui kama barua yangu ya 20 Agosti ilifika. Siku arobaini na moja.

Mpangaji wa duka amepatikana. Anauza simu. Anaingia 1 Desemba, na amekwisha kuja kupima ukuta kwa kutumia futi kamba yangu. Cherehani nimeitoa mkanda, nimeifunika shuka. Shuka ni moja ya zile ulizotuzawadia tulipooana. Pindo lake halijafumuka hata uzi mmoja.

Wazima wote.

Mdogo wako

*

27 Oktoba

Wewe Uzi,

Keti kwanza.

Kifurushi kilichokuja na barua hii usikifungue umesimama. Ndani yake kuna gauni la kijivu. Kwa sasa si gauni, ni vipande kumi na moja. Nimelifumua lote, mshono mmoja mmoja, jioni nne, na hakuna kipande kilichochanika, kwa sababu mimi najua kufumua.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe siku kumi, halafu nikawa na aibu siku nyingi zaidi, halafu tulikuwa juu ya paa.

Paa linavuja. Linavuja tangu mvua ya kwanza. Mkandarasi wako alipigilia misumari kwenye mabonde ya bati, pale maji yanapopita, badala ya kuipigilia mgongoni. Kila msumari ni bomba. Shemeji yako alizihesabu sehemu zinazodondosha akafika ishirini na saba, akaacha ili asiharibu usingizi. Kitanda hatukukihamishia sebuleni kwa ajili ya hewa. Ndoo hazikuwa na bei nzuri. Mpwa wako hasomi kwa jirani kwa sababu ya meza. Na hapendi kofia, mumeo huyu mtu! Yaani mume wangu, umenifanya nikosee kuandika.

Sasa niambie wewe, mtu amekuezekea nyumba kwa pesa zake, paa linaonekana mpaka barabara kuu, watu wanakupongeza; unaandikaje kwamba maji yanaingia? Nilikaa na kalamu. Nikaandika "Hatuna maneno." Kutoka hapo ikawa rahisi. Koti lako lilikuwa na bega lililoanguka, nikasema sina la kusema. Gauni likaja. Ule mkono mfupi niliuona kabla kichwa hakijapita kwenye shingo. Nikakunja mikono yote miwili, nikaenda kazini nimekunja kutwa, wenzangu wakaniuliza kama nataka kupigana. Nikakuandikia kwamba limenikaa. Nilifikiri namlinda mdogo wangu. Kumbe nilikuwa nalilinda paa.

Hilo nimelisema. Sasa kaa vizuri.

Unajisifu kwamba uliweka kosa moja. Nimelisuta gauni hili juu ya meza ya jirani, mchana, karibu na dirisha, na nimepata makosa matano. La kwanza ni mkono wako maarufu. Lakini pia shingo imevutika kushoto, hukuikata kwa mshazari ulivyofundishwa. Kwapani bitana ni fupi kuliko kitambaa, ukinyanyua mkono inakung'ang'ania kama mtoto. Zipu ina mawimbi chini. Na pindo, Uzi, lile pindo. Umelishona kwa hatua ndefu ndefu kama mtu aliyeitwa nje mara tatu. Nilimwita mpwa wako alione, akasema, "Mjomba alikuwa anaumwa?"

Hayo manne nayo uliyaweka makusudi? Kama uliyaweka, niandikie niombe radhi. Kama hukuyaweka, basi ulikuwa unataka kujua mkono wako uko upande gani, na sasa unajua. Haujafa. Umezembea. Kuzembea kunatibika, ila si karibu na meza ya kioo.

Vipande hivyo vishone upya. Duka halifungwi mpaka gauni langu limetoka mezani, limesutwa. Mwambie muuza simu nimesema mimi.

Usitume mkandarasi. Usitume pesa. Tumeziba kwa lami na vipande vya mpira, shemeji juu, mimi nimeshika ngazi nikimtukana. Limebaki kuvuja mahali pamoja, tumepawekea ndoo. Ndoo mbili zimerudi kazini.

Na mara ya tatu nauliza, na hii sasa si salamu: Bi Vifungo yuko wapi? Nani alilisuta gauni hili kabla halijaja kwangu?

Dada yako

*

18 Novemba

Dada,

Nilifungua nimekaa.

Yale manne sikuyaweka. Nilichukua shajara kutafuta siku niliyoshona lile pindo. Ni 5 Julai. Nimeandika: "Gauni la Dada limekwisha. Wapangaji wawili, mtu wa maji, mtu wa benki." Niliitwa nje mara nne, si tatu. Mengine yote ni kama ulivyosema. Nilipokuwa nawacheka watu kwa kosa moja nililolipanga, nguo zangu zilikuwa zinatoka na makosa yake zenyewe.

Hakuna aliyelisuta. Bi Vifungo aliondoka 2 Mei. Nimelikwepa swali lako mara zote hizo kwa sababu ya neno moja, na sasa nitaliandika. Siku hiyo aligeuza koti lako la kahawia ndani nje, akaniambia, "Bosi, bega la kulia limeanguka." Alikuwa sahihi, umeliona na wewe. Nilikuwa nimetoka benki. Nikamwambia, "Mimi nina ghorofa tatu. Wewe una sindano." Akaichomeka sindano kwenye mto wake, akachukua mkoba, akatoka. Shajara ya siku hiyo inasema: "Joto. Bi Vifungo ameondoka mapema." Nimeisoma mara nyingi. Ni kweli kwamba kulikuwa na joto.

Baada ya hapo nilishangaa kwa nini hakuna anayeniambia ukweli. Nikaanza kuwapima watu.

Hakwenda mbali. Aliweka meza yake ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la dawa, chini ya mwavuli wa bluu. Kwa miezi sita nimekuwa nikiingia dukani nikitazama kushoto.

Nilirudisha mkanda kwenye cherehani. Gauni nimelishona siku tisa, mlango nimeufunga, wapangaji wakigonga nikasema mwenye jengo hayupo. Shingo niliikata kwenye mshazari. Juzi saa nne asubuhi nikalikunja, nikavuka barabara.

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeiandika, nikasoma. Hakuinua uso mpaka nilipomaliza. Akasema, "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Na tarehe?"

"Na tarehe."

"Lete hiyo nguo."

Akaligeuza ndani nje. Watu wa duka la dawa wakajikusanya mlangoni, na Kinyozi akatoka na mkasi mkononi. Bi Vifungo akapitisha kidole kwenye pindo, polepole, kama mtu anayesoma. Kisha akapaza sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Aprili: "Ghorofa tatu, na pindo hujui! Huku mwishoni umekimbilia wapi? Fumua!"

Nikafumua pale pale, nimesimama, barabarani. Alinipa sindano yake. Mtu mmoja aliyepita alimwuliza Kinyozi mimi ni nani, Kinyozi akajibu, "Fundi."

Bi Vifungo hakurudi dukani. Amesema meza yake ina wateja, na mwavuli ameuzoea. Tumekubaliana kwamba nguo zangu zitavuka barabara kabla ya kwenda kwa wenyewe, na zake zitavuka kuja kwangu. Leo nimempata na kitundu kimoja kilichopinda. Alinuna mpaka adhuhuri. Nilifurahi sana.

Muuza simu nimempa chumba cha chini katika jengo la mzee, ni kikubwa kuliko duka. Wifi yako nimemwambia. Jana jioni nilisahau futi kamba juu ya meza ya kioo, na leo asubuhi ilikuwa bado ipo. Sijauliza.

Nakuja kwenu 10 Desemba. Nitaleta misumari yenye vipira, nyundo, na suruali ya kazi. Sitaleta kitu kingine. Shemeji apumzishe goti, wewe utashika ngazi na kunitukana mimi.

Gauni limo humu. Bi Vifungo amelipata kosa lake, nimelirekebisha. Lako ulitafute.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna la leo. Kinyozi aliingia dukani na ile suruali mkononi, akaitupa mezani. "Miezi mitano natembea kama kaa," alisema, "nikijiambia labda ni mguu wangu! Nimekwenda kupimwa nyonga kwa sababu yako! Irekebishe leo hii, na sikulipi." Alikuwa ametoa macho. Nimeirekebisha. Nimeandika katika shajara: "Malalamiko: moja."

Kisha kwa kuwa leo ni Ijumaa nikaenda kunyolewa. Nilikuta watu watatu. Kinyozi alinitazama kwenye kioo, akaendelea na kazi yake. Nikakaa kwenye benchi.

Uzi